Mama Rula na Ndege Iliyozama

Maji aliyaogopa tangu utotoni, wala hakuona haya kusema. Alipokuwa msichana mdogo aliteleza kwenye shimo la mafundi wa mabomba lililojaa mvua, akazama mpaka utosini, na aliyemwokoa ni mpita njia aliyemvuta kwa nywele. Tangu siku hiyo ndoo iliyojaa pomoni aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Basi alipojaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto huyo akakua akawa mzamiaji, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa kuchora katika makumbusho ya mji. Si maua wala sura za watu. Alichora vitu vilivyoharibika, avirudishe kwenye karatasi jinsi vilivyokuwa vizima: bunduki iliyoliwa na kutu, mlango wa jumba lililobomolewa, chungu kilichokutwa vipande vipande. Rula ya chuma haikumtoka mkononi. Aliitumia kupima, kuwanyooshea wageni waliogusa vitu, hata kujikunia mgongo, na ndiyo maana kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa makumbusho, wote walimwita Mama Rula.

Ndege ilimfikia kwa njia hiyo hiyo ya kazi. Chini ya ghuba, nje kidogo ya gati la zamani, ililala ndege ya kijeshi iliyozama wakati wa vita vile vikubwa. Wavuvi waliijua kwa sababu ilikuwa inawachania nyavu. Watu wa mjini waliijua kwa maneno tu, na kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ilikuwa ya adui, ilikuja kuupiga mji. Wengine walisema ilikuwa ya upande wetu, ilileta dawa. Kinyozi wa karibu na makumbusho aliapa kwamba ilijaa dhahabu, na ukimuuliza nani kamwambia, anakukata nywele vibaya.

Mkuu wa makumbusho alitaka ukweli. Aliunda kikosi kidogo cha kuichunguza: wazamiaji wawili, nahodha mwenye boti, na Mama Rula wa kuchora. Mzamiaji wa kwanza alikuwa bintiye Mama Rula. Wa pili alikuwa kijana mpole mwenye macho makubwa, ambaye wenzake walimwita Chura, naye aliitika bila kinyongo.

"Mama, si utafurahi? Tutafanya kazi pamoja," binti alimwambia.

"Nitafurahi ukishapanda juu," alijibu.

Kila alasiri binti alirudi na kibao cha plastiki alichokiandikia huko chini, kimejaa vipimo na michoro ya haraka. Mama alikiweka mezani, akavuta taa, akaanza kukihamishia kwenye karatasi kubwa. Polepole ile ndege ikaanza kuota mwili. Ilikuwa ndege ya kutua majini, tumbo lake nene kama la meli, mabawa yamekaa juu mgongoni, injini nne. Pua ilikuwa imepondeka, mkia umeinuka. Bawa la kulia lilikuwa limezikwa kwenye matope.

Lakini kadiri ndege ilivyozidi kuonekana, ndivyo moyo wake ulivyozidi kusinyaa. Alichora mlango, akajua kwamba mwanawe ameingia humo. Alichora nyaya zinazoning'inia kutoka darini, akaona shingo ya mwanawe katikati yake. Siku moja binti alimweleza kwa sauti ya chini kwamba kwenye chumba cha rubani kuna kiatu, kamba zake bado zimefungwa, na kwamba hakukigusa. Siku hiyo Mama Rula aliacha chakula sahanini.

"Usiwe unaingia ndani," alimwambia. "Pimia nje."

"Mama, ndani ndiko kwenye habari."

"Habari gani zinazozidi pumzi yako wewe?"

Binti alicheka, akambusu kwenye paji la uso kama vile yeye ndiye mama.

Upande wa historia kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mkuu aliandikia makumbusho ya ndege ya nchi za mbali, akiomba picha ya ndege ya aina ile ikiwa nzima. Mama Rula naye alitafuta mtu aliyeiona ikianguka, maana karatasi haimwambii mtu rangi. Waliobaki hai walikuwa wachache. Alielekezwa kwa bibi mmoja, mshonaji wa nguo mstaafu, aliyekuwa akiishi ghorofani kwa mwanawe nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Asubuhi ya kwenda kwa bibi huyo, binti alikunywa chai amesimama, begi lake begani.

"Leo nitakuletea zawadi," alisema. "Unakumbuka ule mtungi niliouchora juzi, ule ulionasa kwenye uwazi wa ubavuni? Nusu ndani, nusu nje. Leo nautoa. Nimechukua mkanda wa kuufungia."

"Mtungi wa nini?"

"Wa gesi, labda. Au wa hewa ya marubani. Ukiuona utajua mwenyewe." Akaondoka, akibamiza mlango kama kawaida yake.

Bibi mshonaji alimpokea kitandani, miguu imefunikwa kwa shuka. Macho yalikuwa yamefifia, lakini ulimi haukuwa na kasoro.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetaka ndege? Umechelewa, ilishaanguka." Akacheka peke yake, kisha kicheko kikakatika. "Kaa. Nitakwambia, ingawa sipendi."

Alieleza kwamba alikuwa mtoto, yuko juu ya paa na mama yake wakianika nguo. Walisikia mngurumo unaokohoa. Ndege ikatokea chini mno, karibu kugusa mabomba ya moshi, injini mbili zimesimama, nyingine inatoa moshi mweusi. Ilikuwa nyeupe tumboni, nyeupe kama shuka alilokuwa ameshika, na ya kijivu mgongoni.

"Mama alidhani imekuja kutuua," bibi alisema. "Wote tulidhani hivyo. Ikafika juu ya ghuba, ikafungua milango ubavuni."

"Milango ya watu?"

"Si ya watu. Milango mifupi, chini ya bawa. Vikatoka vitu kama mapipa membamba, vikaning'inia. Kisha vikaanguka majini. Kila kimoja kikigonga maji, mama ananikandamiza kichwa chini, anasubiri mlipuko. Hakuna mlipuko. Ninainua kichwa, kingine kinaanguka, ananikandamiza tena."

Mama Rula aliacha kuandika. "Alikukandamiza mara ngapi, bibi?"

"Mara tatu. Huku yalianguka mawili. Ndege ikageuka, upande wa pili likaanguka moja. Nikasubiri jingine kwa sababu niliona kitu kimebaki kimening'inia kwa kupinda, kama jino bovu. Halikuanguka. Ndege ikashuka nalo hivyo hivyo. Wale watu walikuwa wanaipunguzia uzito, mwanangu. Walitaka kutua salama. Hawakuja kutuua. Lakini hilo tulilijua baadaye, mtu mmoja alipookolewa na boti ya bandari akaweza kusema."

Kitu baridi kilimpanda Mama Rula kutoka kwenye visigino mpaka kisogoni. Alijaribu kujituliza. Bibi alikuwa mtoto wakati ule. Mtoto huona mengi, na miaka imepita mingi juu ya aliyoyaona. Alimshukuru, akaaga, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Alipofika ofisini mkuu alimpungia mkono mlangoni, amechangamka. "Mama Rula, njoo uone! Wenzetu wametuma picha."

Ilikuwa kwenye kompyuta. Ndege ile ile, nzima, imeelea kwenye bandari fulani ya mbali, nyeupe tumboni na ya kijivu mgongoni. Milango ya ubavuni ilikuwa wazi. Chini ya kila bawa, karibu na kiwiliwili, yalining'inia mabomu mawili yenye umbo la pipa. Chini ya picha waliandika kwamba hayo yalikuwa mabomu ya kuulia nyambizi, na kwamba yalikaa ndani ya ndege, yakisukumwa nje kwa reli kupitia milango ile.

Mawili na mawili. Bibi aliona matatu.

Mama Rula alikwenda mezani kwake. Mchoro ulikuwa umetandazwa pale pale alipouacha. Upande wa kushoto, kwenye uwazi chini ya bawa, kitu cha duara kimelala kimepinda, nusu ndani, nusu nje. Alikuwa amekichora kwa mkono wake mwenyewe, akakipaka wino vizuri, akakiandikia pembeni: *mtungi*.

Mkuu alimwona akinyoosha rula kwenye mchoro, kisha kwenye kompyuta, kisha tena kwenye mchoro, naye rangi ikamtoka usoni.

"Wako majini sasa hivi?" aliuliza.

"Leo anautoa," Mama Rula alisema. "Ameniambia leo anautoa."

Mkuu alimpigia nahodha. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Nahodha alikuwa na tabia ya kuifungia simu yake kwenye kopo la biskuti isilowe. Akapiga tena, huku kwa simu ya mezani akiwatafuta watu wa bandari. Mama Rula hakusubiri. Alitoka mbio, viatu mkononi, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kukimbia hata mvua.

Gatini aliikuta boti ya mafundi wa taa za bandari ikijiandaa kuondoka. Alijirusha ndani kabla akili haijamkumbusha kwamba ni boti. Kumbukumbu ilikuja baadaye, walipokuwa wameshaacha ukuta wa gati na maji yako kila upande, mazito, ya kijani, yakipiga ubao chini ya miguu yake. Meno yalianza kugongana. Akakaa chini kabisa, akakumbatia mguu wa benchi, akafumba macho.

"Mama, unaumwa?" fundi mmoja aliuliza.

"Endesha," alisema. "Nipeleke kwenye boti ya wazamiaji. Wewe endesha tu."

Nahodha alishangaa kumwona. Mzee yule alikuwa akimtania kila siku kwamba hata picha ya bahari anaitazama kwa mbali. Leo alimvuta mkono, akamvukisha kutoka boti moja hadi nyingine, na alipouona uso wake hakutania.

"Yuko chini?" Mama Rula aliuliza.

"Yuko chini. Peke yake kwa sasa. Chura amepanda kubadilisha chupa ya hewa. Kuna nini?"

Alimweleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Chura, aliyekuwa ameketi ukingoni na vazi lake la mpira, alisimama taratibu.

Nahodha aliangalia chuma kirefu kilichofungwa kwenye ngazi ya boti. Hicho ndicho walichokigonga kumwita mzamiaji, maana mlio wa chuma husafiri mbali majini. Alikishika, akasita.

"Nigonge?" aliuliza. Hakuwa anamuuliza yeyote hasa. "Lile dude limekaa humo miaka yote hii. Sijui linasikia nini."

Akakiachia. Akashika kamba ya usalama, ile iliyofungwa kiunoni mwa binti, akaivuta kidogo. Kamba haikulegea wala haikujibu. Ilikuwa imenasa mahali fulani.

"Usivute!" Mama Rula alimshika mkono. "Kama imezungukia pale?"

Wote watatu wakabaki wanatazama maji. Mapovu yalikuwa yakipanda, yakipasuka moja moja upande wa kushoto wa boti. Mama Rula aliyakodolea macho kana kwamba ni uso wa mwanawe. Halafu yakapungua. Halafu yakakoma, maji yakawa laini kama kioo.

"Nahodha!"

"Tulia, Mama. Ameingia ndani. Pumzi yake inajikusanya kwenye dari la ndege, itatoka baadaye."

"Umejuaje?"

Nahodha aliendelea kuyakazia macho maji.

"Nishuke nimfuate," Chura alisema. Sauti ilikuwa tulivu, lakini mikono ilikuwa ikihangaika na vifungo. "Ila nikifika nitamwambiaje? Nikimwashiria atoke, atadhani namwambia hewa inakwisha. Atataka amalize kwanza. Mnamjua alivyo."

Walimjua. Mama yake alimjua kuliko wote. Akanyakua kibao cha plastiki kilichokuwa kando na penseli yake. Akakiegemeza kwenye goti, akachora: ubavu wa ndege, uwazi, pipa jembamba lililopinda. Juu yake akapiga msalaba mkubwa. Chini akaandika: BOMU. USIGUSE. TOKA. Kisha, kwa kuwa alikuwa na hofu kwamba hata hapo mtoto yule atabisha, akaongeza: NI MAMA NASEMA.

Chura alisoma, akaitika kwa kichwa, akaangukia majini kinyumenyume.

Kusubiri kule ndiko kulikommaliza. Alikuwa amesahau kuogopa boti, amesahau kabisa kwamba yuko juu ya maji. Alijiona ametoboka katikati, na kupitia tundu hilo anatazama chini mpaka matopeni. Alisikiliza. Kila ubao uliolia, kila wimbi lililogonga, alikaza mwili akingojea dunia ipasuke. Boti ya mafundi wa taa ilikuwa imesogea mbali. Kwa redio ya mkononi waliyoiacha mafundi hao, watu wa bandari walikuwa wakimwamuru nahodha naye aondoke.

"Nina watu chini," nahodha aliijibu redio. "Nitaondokaje?" Akaizima. Kisha akamgeukia. "Mama, wewe ungeondoka na wale."

"Niondoke niende wapi?"

Ghafla maji yakachemka upande wa kushoto. Povu kubwa lilipanda kwa mkupuo, jeupe, likitapakaa. Mama Rula alipiga ukelele uliosikika mpaka gatini, akajifunika kichwa kwa mikono. Lakini hakuna kilichofuata. Ilikuwa ni ile hewa iliyojikusanya darini. Mtu alikuwa ametoka.

Baada yake ikatokea mistari miwili ya mapovu, sambamba, ikisogea kuelekea kamba ya nanga. Ilipofika hapo ikasimama, ikabaki palepale.

"Mbona hawapandi?"

"Lazima wapumzike hapo kidogo. Wakipanda kwa kasi damu itawachemka." Nahodha alijipangusa uso kwa kofia. "Wako wawili, Mama. Hesabu mwenyewe. Wawili."

Binti alitoa kichwa nje. Alipanda ngazi, akavua barakoa, akaketi chini kwenye maji yaliyomchuruzika, akamtazama mama yake aliyekaa katikati ya boti, peku, nywele zimemsimama.

"Umepanda boti," alisema.

"Ulikuwa umeufikia?"

"Nilikuwa nimeukumbatia." Akaonyesha, mikono imezunguka hewa. "Nimeshaufunga mkanda. Ulikataa kutoka, nikawa nautikisa. Nautikisa, Mama, hivi, kama mtu anavyotikisa mlango." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na mama yake akamvuta akamkumbatia na maji yake yote.

Wanajeshi wa kutegua mabomu walifunga ghuba. Walishuka, wakapanda, wakashauriana na kutikisa vichwa. Mkuu wao alieleza kwamba lile bomu limeoza, halisogezeki, na haliwezi kuachwa karibu na bandari. Litalipuliwa hapo hapo.

"Na ndege?" binti aliuliza.

"Ndege itakwenda nalo."

Binti alibishana mpaka sauti ikamkauka. Aliomba, alitukana kidogo, akatolewa nje. Nyumbani alinuna, akawa anamjibu mama yake kwa neno moja moja, kana kwamba yeye ndiye aliyelitundika bomu. Siku ya kulipua, mji mzima ulijaa ufukweni. Mama Rula hakwenda. Alikaa jikoni, amefumba macho, mikono imeshika ukingo wa meza. Mlio ulipokuja haukuwa mkubwa kama alivyotarajia. Ulikuwa mzito tu, ukapita chini ya sakafu, ukapanda kwenye miguu ya kiti, na vikombe vikagongana kabatini. Alikaa hivyo mpaka binti aliporudi, ameloa chumvi, akasema, "Basi. Imekwisha," akaketi kando yake.

Kwa hiyo mchoro ukawa ndio ndege yenyewe. Mama Rula aliumaliza kwa kuufuata mwili aliouletewa na mwanawe, rangi alizopewa na bibi, na picha iliyotoka mbali. Lile neno *mtungi* alilikwangua, akaandika jina lake la haki. Ulipotundikwa ukutani, bibi mshonaji aliletwa na mwanawe kuuona. Alisogezwa mpaka pua inakaribia kioo. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akashika mkono wa Mama Rula kwa nguvu ambazo hakumdhania.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Haya, nitoe nje."

Wengine wangesema mambo yaliishia hapo. Lakini mkuu wa wanajeshi alikuwa amesikia habari ya yale matatu ya kwanza. Hayakulipuka siku ile. Yalizama tu, nayo yako chini mahali fulani, kwenye maji ambayo wavuvi wanatupa nyavu na meli zinatia nanga. Alihitaji mzamiaji anayeijua ghuba. Binti alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Mama Rula hakumzuia. Alimwendea mkuu wa wanajeshi, rula mkononi, akamwambia kwamba watahitaji mtu wa kuchora ramani ya kila walipopita, la sivyo watazunguka palepale kama kuku. Mwanajeshi alikubali. Tangu hapo anapanda boti kila wanapotoka. Hakuzoea, na hasemi uongo kwamba amezoea. Anakaa chini kabisa, katikati, ubao wa kuchorea mapajani, na mwanawe akishazama anaacha kuzungumza na mtu yeyote mpaka amwone tena.

Wamepata mawili. La tatu bado wanalitafuta.